Mkebe Uliobaki Lwakhakha

Mpumudde, Jinja
Jumanne, siku ya ishirini na tatu tangu Baba atutoke

Kwa dada yangu Madinah,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naanza na salamu, na leo salamu zangu ni nyingi kwa sababu naogopa kufika mwisho wake.

Kwanza wewe mwenyewe, hujambo? Presha imeshuka? Ile dawa nyeupe ya asubuhi unaimeza, au unaiacha kabatini mpaka kichwa kigonge ndiyo uikumbuke? Shemeji Isa hajambo? Mgongo wake je? Mwambie nimesema aache kubeba magunia, si kijana tena, hata akikasirika mwambie ni Zahara kasema. Asadu wako na mkewe Nandutu kule Malukhu hawajambo? Mapacha wameota meno? Mwambie Nandutu asiwafunike sana, watoto wa siku hizi wanapata vipele. Nisalimie pia jirani yako wa chapati hapo Namakwekwe, jina limenitoka, yule anayeanza kucheka kabla hujamaliza kusema. Na wote wa msikitini wanaoniuliza, wape salamu zangu.

Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Sofia wangu tumbo limefika mwezi wa saba, anakula udongo kwa siri na mimi najifanya sioni. Mumewe yupo, kazi inamwendea. Mpangaji wangu Eucabeth anakusalimu, anasema ile shuka uliyosahau ameifua na kuipiga pasi, iko kwake. Mimi ni mzima wa mwili. Usingizi tu ndio sina, na nyuzi za tabaka, hizi kawa za kufunikia chakula ninazosuka, zinanichanganya, jana nimesuka nyekundu mahali pa kijani nikafumua mara mbili.

Dada, nimekupigia simu mpaka nimeacha kuhesabu. Sikulaumu kwa kutoshika. Ningekuwa wewe, hata mimi nisingeshika. Sofia alitaka aniandikie kwenye simu yake, anajua kuandika haraka kama anayechambua mchele, lakini nilimwambia hapana. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Unajua shule yangu, darasa la nne halafu vita, halafu ule mwaka mmoja wa shule ya Bungoma ambako mwalimu alitufundisha Kiswahili kwa fimbo. Kinubi chetu kuandika siwezi, kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili cha ile fimbo. Ukikuta nimekosea, soma tu.

Anayekuletea ni Bwana Wahab wa vitunguu, anapita Jinja kila Jumanne na kurudi Mbale jioni. Nimempa vitu viwili. Kimoja ni barua hii. Kingine ni bahasha ya kaki, ndani yake kuna fomu ya serikali ya mazishi ya Baba, na juu yake wameweka alama ya msalaba mahali pa kutia sahihi yako. Nakuomba kwa Mungu na kwa Mama aliyetuzaa, usitie sahihi kabla hujamaliza kusoma. Iweke chini. Ikalie kama unaweza.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mengine uliyaona, lakini nitayasema tena, nataka ujue mimi nilikuwa nimesimama wapi.

Baba alipokata roho, saa nne ya asubuhi, mtu wa kwanza kufika alikuwa Mzee Kirunda, yule Msoga aliyekuwa naye jeshini, mwenyekiti wa chama cha askari wa zamani hapa. Alisimama mlangoni akapiga saluti kwa maiti, akalia kama mtoto. Baadaye akaniita kando akasema kwamba sasa serikali inawasaidia askari wa zamani mazishi yao, hata wale wa jeshi la zamani kama la kina Baba. Eti wanatoa sanduku, gari, turubai, chakula cha waombolezaji, na kaburi kujengewa saruji, na zaidi ya yote bendera, na afande wa kusoma jina la marehemu na namba yake mbele ya watu. Hapo kwenye jina na namba ndipo nilipolegea. Unajua Baba alivyokuwa. Miaka yote hiyo watu wakimwona ni mzee wa Kinubi anayeuza viberiti na sigara moja moja, na yeye akitaka kitu kimoja tu, mtu asimame aseme huyu alikuwa askari, hakuwa mwizi, hakuua mtu, alikuwa fundi wa magari ya jeshi na namba yake ni hii.

Nilimwambia Mzee Kirunda kwamba sisi hatuziki kwa sanduku, tunazika kwa sanda, na hatungojezi maiti. Akasema ataongea nao, wataelewa. Basi mkaja kutoka Mbale, tukamwosha, tukamsalia baada ya adhuhuri ya siku ya pili, na afande akafika na karatasi zake. Kijana mpole, alivua viatu bila kuambiwa. Akauliza kitabu cha jeshi cha marehemu kiko wapi, kile chenye picha na namba. Ndipo Ami Jibril akanyoosha ile fimbo yake akakuonyesha wewe, mbele ya wanaume wote na wanawake wamesimama kwenye ua, akasema kitabu muulizeni Mama Mkebe, yeye ndiye aliyempa mto wa Lwakhakha zawadi. Na watu wakacheka, Dada. Maiti imelala pale na watu wakacheka, kwa sababu ni mzaha wa siku zote. Tangu tukiwa wasichana, sindano ikipotea, muulizeni Mama Mkebe. Mbuzi akikatika kamba, muulizeni Mama Mkebe.

Afande akafunga karatasi zake akasema samahani, bila kitabu hawezi kusoma jina wala kutoa bendera. Baba akaenda makaburini kama mtu yeyote.

Wewe ulisimama wima, ukajifunga shuka yako ya gurbaba ukaingia ndani. Uliniangalia ukipita. Mimi nilikuwa karibu na birika la chai. Nikainama nikaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Hapo ndipo nilipokuwa nimesimama.

Uliondoka jioni hiyo bila kula. Hukuona kilichofuata. Nusu saa tu baada ya gari lenu kuondoka, pikapu ikaja kwa honi, na juu yake sanduku. Kumbe Mzee Kirunda alibembeleza huko ofisini mpaka wakamwambia bendera inataka namba, saruji inataka namba, lakini sanduku halitaki namba. Basi wakalishusha, zuri kweli, lina vishikio vya rangi ya dhahabu, na Baba ameshalala ardhini na sanda yake. Wakataka nitie sahihi nimepokea, nikatia. Mpaka leo liko ubavuni mwa jiko chini ya turubai. Imamu amesema tuwape Wakristo wenye msiba. Nilimwuliza Eucabeth akasema asante sana lakini yeye bado yuko yuko. Kuku wake ndiye aliyelikubali, ametaga mayai matano ndani. Wapita njia wananipa pole kila siku wakidhani nimefiwa tena. Ningekuwa na moyo mweupe ningecheka mpaka nikae chini. Lakini kila nikilitazama lile sanduku limepambwa vizuri na halina mtu ndani, nageuza uso.

Wiki iliyopita Mzee Kirunda akarudi amefurahi. Amesema ofisi imekubali, kwa wale ambao vitabu vyao vilipotea vitani, yule mtu wa mwisho aliyekishika ale kiapo, aseme kilipotea wapi na vipi, na shahidi mmoja atie sahihi. Hilo likifika kabla ya arobaini, afande atakuja siku ya hitima yenyewe na bendera, atasoma jina. Saruji pia watatoa. Nikamwuliza, na kama kitabu hakikupotea bali kiliharibiwa na mtu wa nyumbani? Akakuna kichwa akasema kilichopotea ni bahati mbaya, lakini cha kuharibu kwa makusudi hiyo ni habari nyingine, wanaweza kusema familia yenyewe ilimkana. Akaniangalia. Nikasema nauliza tu.

Fomu wameijaza kwa maneno ya Ami Jibril. Imeandikwa kwamba wewe, Madinah binti Fadhul, ulikabidhiwa kitabu cha baba yako ukakipoteza kwa uzembe wako katika mto Lwakhakha. Uzembe wako, ndivyo ilivyoandikwa. Na chini yake kuna mahali pa shahidi, na shahidi waliyemwandika ni mimi.

Jumamosi baada ya chakula niliketi mezani na kalamu ya Sofia. Niliandika herufi moja, Z. Ukifungua bahasha utaiona. Hapo mkono ulikataa.

Dada Madinah, sasa nasema. Kama umesimama, keti.

Unakumbuka ile siku Baba alipokuja Namakwekwe kutoka kambini, amevaa shati la raia lililombana. Alikuita wewe kwa sababu ni mkubwa, ulikuwa na miaka kumi na mitatu, akakupa ule mkebe wa majani ya chai, mwekundu, akasema ndani kuna jina lake, usiuache hata wakikukata mkono. Yeye akaenda njia ya Sudani na wenzake, sisi tukabaki na Mama. Mimi nilikuwa na miaka tisa.

Siku mbili baadaye askari wa upande ulioshinda walikuja kupekua mtaa. Kwa yule mzee jirani, fundi cherehani, walikuta mkanda tu. Mkanda wa jeshi ambao alikuwa akifungia godoro. Niliona kwenye upenyo wa ua walivyomtoa. Hakurudi. Mama alikuwa ameenda kutafuta njia ya kutuvusha mpaka, wewe ulikuwa kisimani. Nikawaza, kama mkanda ni hivi, kitabu chenye picha ni vipi? Nikauchukua mkebe kwenye pipa la unga ulikouficha. Nikatoa kitabu. Nikakitia motoni chini ya sufuria ya uji. Karatasi ziliungua haraka, jalada likagoma, nikalisukuma kwa kijiti. Picha ya Baba ndiyo iliyokuwa ya mwisho, ilijikunja kuanzia kwenye kofia. Halafu nikaona mkebe umekuwa mwepesi, utajua. Nikachukua gunzi la mahindi nikalizungushia kitambaa nikalitia ndani, nikafunga kifuniko kwa nguvu. Ukarudi na maji, ukasema uji una harufu ya nini leo. Nikasema mwiko umeungua.

Ulichobeba mpaka Lwakhakha, Dada, ni gunzi.

Sasa unajua kwa nini siwezi kuandika hili haraka. Unakumbuka mto ulivyojaa, ilikuwa mvua ya masika, na watu wanasukumana. Uliuweka mkebe juu ya jiwe upande wa Uganda ili unibebe mgongoni, kwa sababu mimi niliogopa maji. Ulinivusha. Ulinishusha kwenye majani upande wa Kenya, ukatazama mikono yako ukapiga kelele. Mama akakuambia uache. Ukasema jina la Baba liko kule. Ukageuka ukarudi majini. Ningeweza kusema neno moja. Ningesema tu, Dada, hamna kitu. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, nakumbuka mvua ikiingia mdomoni. Sikusema. Ukateleza kwenye mawe, tukasikia mguu ukivunjika, kweli tuliusikia, na wale wanaume wa Kibukusu wakakuvuta kwa kamba. Na mkebe ulikuwa umeshachukuliwa na maji.

Ule mguu haukupona sawa. Umetembea nao mpaka leo, umeolewa nao, umezaa nao, umepanda nao ngazi za hospitali ya Mbale. Na Baba aliporudi baada ya miaka saba, neno lake la kwanza Bungoma halikuwa hujambo, lilikuwa mkebe uko wapi. Na wewe ukapiga magoti ukaomba msamaha, na mimi nimekaa mkekani karibu yako, nimeshakuwa msichana wa miaka kumi na sita, najua zuri na baya. Nikanyamaza. Alikununia mpaka nywele zake zikawa nyeupe. Ndiyo maana alikuja kukaa kwangu na si kwako. Watu wanasema Zahara ana moyo, amemtunza babake. Kila waliposema hivyo nilitaka ardhi inifunike.

Huenda mtu akakwambia, mtoto wa miaka tisa, labda hata aliwaokoa, wangekikuta kitabu njiani mngekufa nyote. Usimruhusu mtu anitetee hivyo. Kuchoma nilichoma kwa woga, na mtoto anaweza kuogopa. Aibu yangu si ule moto. Aibu yangu ni kunyamaza, tangu mtoni mpaka kwenye vikombe vya chai.

Kuna kingine kimebaki, na hiki ndicho kinachonitoa usingizi kuliko vyote.

Siku tano kabla hajafa, mchana, nilikuwa namwosha Baba miguu kwenye beseni. Macho yake unajua yalikuwa yameshaingia ukungu, anatambua watu kwa sauti, na siku hiyo nilikuwa na mafua, sauti yangu imekuwa nzito kama yako. Nikaona tuko wawili tu, nikajipa moyo, nikasema, Baba, ule mkebe. Nilitaka kumwambia yote. Lakini hata sijaendelea akanishika kichwa kwa mikono miwili akasema, Madinah, umekuja. Akaniuliza, mguu bado unauma? Akasema kwamba ule mzigo haukuwa wa kumpa mtoto, kwamba yeye ndiye aliyekosea, na kwamba huko Sudani aliona watu wamepoteza watoto na yeye akarudi akakasirikia karatasi. Akasema nimekusamehe zamani, binti yangu, ila kinywa kilikuwa kizito, na wewe unisamehe.

Na mimi, Dada, nikajibu kwa jina lako. Nikasema, hauumi, Baba. Akacheka kidogo, akaniambia nimletee chai.

Msamaha wako uliletwa kwangu na nimeukalia siku ishirini na nane. Ulikuja kwenye mazishi ukaondoka, wenyewe ukabaki kwangu, kwa sababu kukupa ningelazimika kueleza nilikuwa nasema nini na Baba juu ya mkebe. Sasa nakupa. Ni wako. Maneno ni yale yale, sikuongeza wala kupunguza.

Jana nimemwomba Mzee Kirunda fomu nyingine iliyo tupu. Akauliza ile imeharibika? Nikasema ndiyo, imeharibika. Hii mpya nitaijaza kwa jina langu, na siku ya arobaini nitaisoma mbele ya watu, Ami Jibril akiwa ameketi pale pale na fimbo yake. Bendera wanaweza kutunyima. Nimeshalia kwa ajili hiyo. Lakini Baba alitaka jina lake lisomwe, na silisomeshi juu ya uongo wa kukuita wewe mzembe. Sofia sijamwambia bado. Ninaogopa atakavyonitazama na tumbo lile, lakini atasikia pamoja na wengine. Wewe ndiye nimekutangulizia.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba uje tu. Arobaini inaangukia Ijumaa, si ya wiki ijayo bali ile inayofuata, baada ya swala. Ukitaka kunipiga, nipige jikoni kabla wageni hawajafika. Ukitaka kukaa kwa Eucabeth usilale kwangu, nitaelewa, ameshasema kitanda kipo. Na ile fomu ya kaki yenye Z yangu, washia jiko.

Nisalimie Shemeji Isa, Asadu, Nandutu na mapacha, na usisahau dawa. Bwana Wahab anarudi huku Alhamisi alfajiri na vitunguu. Nimemwambia apite kwako kwanza asimame mlangoni mpaka umpe neno, hata kama ni moja, hata kama ni hapana. Ila nijibu upesi, na uniambie na hili pia, ukweli wake, kwa sababu nilimjibu Baba bila kukuuliza: mguu bado unauma?

Ni mimi mdogo wako,
Zahara binti Fadhul